Ukaguzi wa Mikono

Ukistaafu ualimu bila kashfa, watu wanakugeuza mgeni rasmi. Ndivyo nilivyojikuta Makambako mwezi uliopita, nimevaa kitenge kipya na viatu vinavyonibana, nakata utepe mlangoni mwa maktaba ya shule moja ya msingi iliyo karibu na reli. Nilitoa hotuba yangu ya siku zote: mtoto apewe kitabu mapema, aachiwe akishike, akichafue ikibidi, maana kitabu kisafi ni kitabu ambacho hakijasomwa. Wazazi walipiga makofi. Nimeitoa hotuba hiyo mara nyingi mno, sasa naweza kuisema huku nikiwaza bei ya viazi. Mwanamke mmoja mstari wa nyuma alikuwa anapiga makofi kwa namna yake, anagonganisha viganja vilivyokunjamana visivyotoa sauti, na mimi nilimjua kwa mikono hiyo kabla sijamtazama usoni. Sherehe ilipoisha alinijia moja kwa moja. "Kamwene, Yusta," akasema, akapitisha mkono wake kwenye kiwiko changu. "Leo unakula kwangu. Usinikatalie, nimekungoja zaidi ya miaka arobaini." Nikajua siku yangu imefika. Nilimwambia dereva anisubiri, nikamfuata, na njia nzima nilikuwa natafuta maneno ya kujitetea, jambo ambalo linakuonyesha mimi ni mtu wa namna gani hata uzeeni.

Mwaka ninaousema ni ule wa darasa la saba, katika shule moja nje kidogo ya Njombe, njia ya kwenda Uwemba. Januari tulipofungua shule tulikuta stoo ya majembe imesafishwa, imepigwa rafu za mbao za msindano ambazo bado zilikuwa zinatoa utomvu, na juu ya rafu kulikuwa na vitabu. Hatukuwahi kuona vitabu vingi namna ile mahali pamoja. Vililetwa na wafadhili kwa maboksi, na aliyekabidhiwa ni Mwalimu Kilasi. Nataka nimtendee haki Mwalimu Kilasi: alivipenda vitabu vile kwa dhati. Alivipenda kama mtu aliyenunua makochi mazuri akayafunika vitambaa, akawakalisha wageni kwenye mkeka. Mlangoni aliweka beseni la maji, sabuni ya mche na taulo. Hakuna kuingia bila kunawa, na ukishanawa hakuna kuingia bila kukaguliwa mikono, mbele na nyuma. Julai maji ya beseni lile yalikuwa na ganda la barafu juu, na nje majani yote yalikuwa meupe kwa sakitu. Wapo wenzangu walioliona beseni lile asubuhi moja tu wakaamua kwamba kusoma si lazima.

Mkaguzi nilikuwa mimi. Kwetu hakukuwa na kazi ya kuchafua mikono sana, basi, hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu ya kuwa kiranja wa maktaba. Nilipewa ufunguo nikauvaa shingoni kwa uzi wa sufu. Nilisimama kizingitini, mtoto ananyoosha mikono, nami nainama kidogo kama daktari. "Geuza." Anageuza. "Kucha." Ananionyesha kucha. Kisha nasema "Pita" au "Rudi". Mtu asikudanganye kwamba madaraka huharibu watu wazima peke yao. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa naamka alfajiri kwa furaha ya kwenda kusema "Rudi".

Aliyerudi mara nyingi kuliko wote ni Vumilia. Alikuwa Mkinga, alitoka Makete kuja kukaa na mjomba wake aliyekuwa na kazi ya kubandua magome ya miti ya miwati. Magome yale yalikuwa yanafungwa mizigo, na kila Jumatatu lori lilikuja kuyabeba kupeleka kiwandani kutolewa dawa ya kulainishia ngozi, ndiyo maana Jumatatu Vumilia hakuwa anaonekana shuleni. Aliyewahi kubandua miwati anajua: majimaji ya magome yakikutana na chuma cha panga yanageuka wino. Yanaingia kwenye ngozi, kwenye mistari ya kiganja, chini ya kucha, na hayatoki mpaka ngozi yenyewe ichakae. Mikono ya Vumilia ilikuwa myeusi iliyoelekea bluu kuanzia vidoleni hadi juu ya kifundo. Ilikuwa misafi. Nilijua ni misafi. Kila mtoto wa pande zile alijua tofauti ya uchafu na maji ya miwati, na mimi nilikuwa mtoto wa pande zile.

"Rudi," nilimwambia siku ya kwanza.

"Si uchafu, Yusta. Ni miwati."

"Sheria inasema mikono misafi. Haisemi miwati."

Alirudi. Kesho yake alikuwa amesugua kwa majivu. Wiki iliyofuata alisugua kwa mchanga, kisha kwa ndimu aliyoomba kwa mama mmoja sokoni, kisha kwa mafuta ya taa, na siku ya mafuta ya taa nilimrudisha mara mbili, mara moja kwa weusi na mara moja kwa harufu. Wenzangu walicheka. Mimi ndiye niliyewafundisha kucheka. Saa ya chakula tulikuwa tunakula wanne wanne kwenye sinia moja, makande au ugali na maharage, na nikaanzisha mtindo wa kumwekea Vumilia chakula chake pembeni kwenye mfuniko wa sufuria, eti asije akatupaka. Alikula kwenye mfuniko wake akitazama karatasi iliyofungiwa chumvi, anasoma. Alisoma kila kilichoandikwa: mifuko ya mbolea, viberiti, tangazo la chanjo mlangoni kwa mtendaji, kitabu cha nyimbo za kanisani kuanzia ukurasa wa wenye haki ya kuchapa.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Maktaba ilikuwa na dirisha moja la vioo, na meza yangu ilikuwa dirishani. Aliporudishwa, Vumilia hakwenda nyumbani. Alizunguka akasimama nje, kichwa ameegemeza kwenye fremu, anasoma kitabu nilichokifungua mimi. Mara ya kwanza nilikigeuzia ukutani. Halafu nikagundua mchezo mtamu zaidi. Nilikiacha wazi, nikakisogeza mpaka aone vizuri, na nikayafuata macho yake. Yakifika mistari miwili ya mwisho wa ukurasa, nafunua. Hakumaliza ukurasa hata mmoja kwa miezi mitano. Lakini mchezo ule uliniumbua mwenyewe, maana ili nimuwahi ilinibidi nifunue wakati mimi nilikuwa bado katikati. Alikuwa anasoma kwa mbali, kupitia kioo chenye ukungu wa pumzi yake, kwa pembe, na bado alikuwa ananipita. Hapo ndipo nilipoanza kumchukia hasa. Kabla ya hapo nilikuwa namdharau tu, na dharau ina usingizi wake. Chuki haina.

Watu wazima walijua. Kiranja alikuwa pia na kazi ya kuchemsha chai ya walimu, na jiko la chai lilikuwa nyuma ya ofisi, ukuta wa mbao. Siku moja nikiwa napuliza moto nilimsikia Mwalimu Agripina, aliyetufundisha Kiswahili, akisema kwa hasira: "Mwalimu Kilasi, yule binti wa Kikinga anasoma kuliko darasa zima, na ndiye pekee haruhusiwi kuingia. Ile si taka. Ni magome."

"Najua ni magome," akajibu Mwalimu Kilasi. "Unadhani mimi nimezaliwa wapi? Lakini waliotoa vitabu hawajui. Watakuja, watakuta alama za vidole vyeusi, watasema tumewapa nguruwe. Tukikosa boksi la pili utajibu wewe?"

"Alama hazibaki. Rangi imeshakauka kwenye ngozi."

"Mwalimu, kunywa chai."

Niliingia na birika. Wote wawili wakanishukuru kwa chai. Nilitoka nikiwa na amani kubwa, kwa sababu nilikuwa nimepata hakikisho kwamba ninachofanya si utundu wa mtoto. Ni kazi ya shule.

Julai ikaja habari kwamba wageni wenyewe watafika siku ya Ijumaa. Shule nzima ikapagawa. Tulifyeka, tulipiga deki, tulipanga mawe njiani. Mtoto mmoja wa darasa la saba angesoma mbele ya wageni, akiwa ameshika kitabu kipya, na kitabu hicho wageni wangempa kiwe chake. Pia, na hili ndilo lililomtoa Vumilia usingizini, Mwalimu Kilasi alitangaza kwamba atakayesoma ataingia maktaba bila kukaguliwa mpaka siku ya mtihani wa kumaliza shule. Jumanne akatufanyia majaribio nje, kwenye baraza. Nilisoma vizuri. Nilijua nimesoma vizuri. Alipofika Vumilia, Mwalimu alikishika kitabu yeye mwenyewe ili binti asikiguse, akawa anamfunulia kurasa. Mara tatu tulimsikia Vumilia akisema, "Funua, mwalimu," kwa sababu Mwalimu alikuwa amejisahau anasikiliza. Alisoma kana kwamba wale watu wa kwenye hadithi walikuwa jirani zake na ana ugomvi nao. Hakuna aliyecheka. Hata mimi nilitaka kujua kinachofuata.

"Atasoma Vumilia," Mwalimu Kilasi akasema. Kisha akaitazama mikono ya binti akakunja uso. "Lakini mikono hiyo isionekane mbele ya wageni. Tafuta namna. Alhamisi jioni nitaikagua, na kama bado iko hivyo atasoma Yusta."

Kuta zilikuwa zinapakwa chokaa wiki ile. Nyuma ya stoo kulikuwa na pipa lililokatwa nusu, chokaa mbichi inamwagiwa maji inatokota yenyewe bila moto, inatoa mvuke kwenye ile baridi. Jumatatu mstarini Mwalimu Kilasi alikuwa ametuonya kwa sauti: mtu asiiguse chokaa kwa mkono, atumie brashi ya mti, maana inakula nyama. Tulirudia kwa pamoja, "Inakula nyama." Vumilia hakuwepo. Ilikuwa Jumatatu, siku ya lori.

Alhamisi mchana, kabla ya kengele ya chakula, alinifuata nyuma ya darasa. Mikono ilikuwa myekundu kwa kusuguliwa na jiwe, na juu ya wekundu weusi ulikuwa uko palepale. "Yusta," akasema, "wewe unajua vitu. Nitumie nini?"

Sikufikiri muda mrefu. Watu hupenda kusema shetani aliwaingia. Mimi hakuniingia mtu. Nilisema kwa akili zangu zote: "Chokaa. Umeona ukuta wa ofisi ulivyokuwa? Umeona ulivyo sasa?"

"Haiunguzi?"

"Inawasha kidogo. Wewe si ndiye Vumilia? Vumilia, basi."

Akacheka, na mimi nikacheka. Hakuuliza akae nayo kwa muda gani, nami sikumwambia. Alikwenda upande wa stoo, mimi nikaenda kula. Siku ile yalikuwa makande yenye nyama kwa sababu ya maandalizi, na nakumbuka kwamba niliongeza. Nilikuwa nimekaa kwenye dawati langu natafuna, nasikiliza. Nilidhani nitasikia kelele mara moja na mambo yataisha: ataungua kidogo, atalia, atafungwa vitambaa, nitasoma mimi. Sikusikia kitu. Nikaongeza tena.

Alikuja mwenyewe. Alikuja mpaka mlango wa darasa, anatembea taratibu, mikono ameinyoosha mbele, akaja kusimama mbele yangu kama alivyosimama asubuhi zote za mwaka ule. Ilikuwa myeupe. Ilikuwa myeupe kweli, na ngozi ya vidoleni ilikuwa imelegea inateleza. Hakuwa analia. Uso wake ulikuwa na jasho na macho yalikuwa makubwa. "Imetoka?" akaniuliza. Kisha akageuza viganja, bila kuambiwa, nionyeshwe na upande wa pili. Nilikaa na kijiko mkononi. Aliyepiga kelele ni mtoto wa dawati la pili, na aliyemkamata Vumilia asianguke ni Mwalimu Agripina, aliyemmiminia maji ndoo kwa ndoo pale uani huku akilia na kumtukana Mwalimu Kilasi kwa Kibena, mbele yetu sote, matusi ambayo hatukujua kwamba mwalimu anayajua.

Walimpeleka hospitali ya misheni kwenye gari la viazi. Jioni ile Mwalimu Kilasi alituita mstarini, amekonda ghafla kwenye koti lake, akauliza nani aliyeona kilichotokea. Nilinyoosha mkono. Nilisema nilimwona Vumilia anachezea chokaa, nikamkataza, akanijibu vibaya. Sentensi tatu. Zikaandikwa kwenye daftari la matukio, na bila shaka ziliozea humo. Ijumaa nilisoma mbele ya wageni. Walinipigia makofi, mmoja wao akatokwa machozi, nikapewa kitabu. Walipita maktaba wakafurahi kuona vitabu visafi vile baada ya miezi saba, wakaahidi boksi la pili na wakalileta.

Vumilia hakurudi. Vidole vilipona vimeshikana na kukunjwa, na Septemba tulipoketi kwenye mtihani dawati lake lilikuwa limehamishiwa darasa la tano. Nilichaguliwa kwenda sekondari. Nikawa mwalimu, nikawa mwalimu mkuu, nikawa yule mama anayehangaikia maktaba za shule mpaka watu wanamkimbia kwenye vikao. Wapo wanaonisifu kwa moyo huo. Mimi najua si moyo. Kila shule niliyohamia, jambo la kwanza lilikuwa kuondoa beseni mlangoni, na walimu wakidhani nina falsafa ya elimu. Kwa miaka hiyo yote niliamini kwamba Vumilia alinitaja kwa watu wake, kwamba kuna nyumba mahali fulani ambako jina langu ni laana. Iliniuma, lakini pia ilikuwa na unafuu: angalau kulikuwa na mtu mmoja anayenijua.

Mgahawa wa Vumilia, pale Makambako, uko nyuma ya maegesho ya malori yanayokwenda Tunduma. Ni chumba kimoja chenye meza nne, benchi za mbao, na pembeni rundo la magazeti yaliyoachwa na madereva, yamepangwa vizuri kwa tarehe. Mjukuu wake, msichana wa miaka kama kumi na miwili aitwaye Neema, alikuwa anakata figiri. Akaniamkia, "Shikamoo, bibi," akaninawisha. Vumilia aliagiza kila kitu kwa kidevu na kiwiko: wali ule, nyama hii, pilipili mbali na mgeni. Aliketi mbele yangu akanisimulia habari za magazeti yale, nani kasema nini bungeni, wapi daraja limekatika, kitabu gani cha hadithi dereva mmoja alimwachia bila kurasa za mwisho na yeye akazitunga mwenyewe. Anafunua kwa kifundo cha mkono, haraka. Niliona wivu. Nakiri, mtu mzima mwenye wajukuu, nilikaa kwenye benchi lake nikamwonea wivu kama yule wa dirishani.

"Kuna kitu nimetaka kukuuliza tangu siku ile," akasema. Niliweka kijiko chini. "Ile chokaa. Uliniambia nikae nayo kwa muda gani? Maana mimi nilihesabu mpaka mia tano. Nilipokuwa nimelala hospitali nikawaza, Yusta hawezi kuwa alisema mia tano. Nilizidisha mimi. Huyu mtoto huniuliza kila siku ni nani aliyekuunguza, bibi, nami namwambia hakuna."

Neema alikuwa ameacha kukata. Kisu kilikuwa juu ya ubao na macho yake yalikuwa kwangu.

"Nilisema kidogo tu," nikajibu.

"Umesikia?" Vumilia akamgeukia mjukuu wake, na uso wake wote ukafunguka kwa furaha. "Nilikuambia ni ujinga wangu mwenyewe. Shule nzima ile, huyu aliyekuwa akiniachia kitabu wazi dirishani ndiye mtu pekee aliyetaka niingie mle ndani."

Akanisukumia bakuli la nyama kwa kiwiko, akanihimiza nile kabla haijapoa, nami nikala.